Napiga Kiwi Mbele ya Ikulu

Orodha ilisomwa saa nne asubuhi.
Redio ya Doña Casimira ilikuwa inakwaruza
kati ya sufuria mbili za uji wa mahindi ya zambarau,
nami nimeliinamia buti la koplo,
brashi mkononi, mate tayari mdomoni.

Wizara ya Fedha: Injinia Landívar.
Koplo akavuta mguu kama aliyekanyaga msumari.
"Huyu si alikuwemo serikali iliyopita?"
"Na iliyopita kabla ya hiyo," akadakia muuza magazeti.
"Juzi kushoto, jana katikati,
leo kahamia penye jua."
Hapa La Paz, kivulini kuna barafu;
hakuna aliyemlaumu kwa kupenda jua.

Mzee mmoja wa Potosí, kofia mkononi,
alikuwa anahesabu mikoa kwa vidole.
"Fedha ya dunia nzima ilichimbwa mlimani kwetu,
na Wizara ya Fedha inatupita tena?"
Akakunja ngumi. Ndani yake hamkuwa na kidole hata kimoja
kilichopata waziri.

Landívar mimi namjua kwa viatu.
Sisi wapiga kiwi tunafunika nyuso,
sufu mpaka kidevuni, matundu mawili ya macho,
ili wanafunzi wenzangu wa masomo ya jioni wasinijue.
Wateja nao hawatuangalii.
Basi tumelipana: hawaijui sura yangu,
sizijui sura zao.
Najua soli.

Ngozi ya ndama, namba arubaini na moja,
kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje.
Miaka kumi na mmoja hajakibadilisha,
na marais wanne wamebadilika juu yake.
Hulipa kamili. Haongezi senti.
Labda kwa Fedha hiyo ni sifa.

Afya: daktari wa meno.
Uwanja mzima ukacheka, njiwa wakaruka.
"Sasa nchi itang'olewa bila ganzi!"
"Afadhali," akasema Doña Casimira, akikoroga.
"Huyo angalau amezoea kuwaona watu wakilia."

Ulinzi, hakuna aliyesema kitu.
Koplo alikuwa bado kiatu kimoja.

Kisha Kilimo: Saturnina Yujra.
Wanafunzi wakapiga mluzi wa furaha.
Dereva wa teksi akauliza kama amefika hata darasa la nane.
Mama mmoja mwenye kofia ya duara akamgeukia,
akamtazama mpaka akapandisha kioo.
Mwiko wa Casimira ukasimama ndani ya uji.
"Yujra? Yule wa lile benchi?"

Yule wa lile benchi.
Mwezi wa Machi, siku kumi na moja,
na bahasha ya malalamiko juu ya mfereji uliokauka,
akingoja mlango wa wizara hiyo hiyo umwite.
Hakuitwa.
Siku ya tatu aliniuliza bei, nami nikamtazama miguuni:
akala za tairi, vumbi la uwanda wa juu kwenye nyufa.
Akala hazipigwi kiwi.
Tulicheka wote wawili, akanimegea kiazi cha kuchemsha
kilichokuwa bado na joto la mfuko wake.

Mchana wote watu walibishana.
Wengine: amewekwa pambo.
Wengine: subirini, ataanza kuongea kama wao.
Mimi niliendelea na viatu vya watu
wasiotajwa na redio yoyote.

Kesho yake, kabla ya saa mbili,
mguu mmoja ukatua juu ya sanduku langu.
Kiatu cheusi, kipya, kinambana;
kifundo kimevimba kwenye ukingo.
Sikuinua macho. Ni desturi ya kazi.

"Leo ninavyo," akasema.

Kipya hakihitaji kiwi, ila nilikipiga.
Kwenye soli bei ilikuwa bado imebandikwa.
Nikaibandua kwa ukucha, polepole, asisikie,
nikaitia sandukuni, chini ya makopo,
na nilipomaliza nikamtajia bei yangu,
ile ile ya Machi.