Doa

Theluji imeziba dirisha, Gyumri imelala.
Hripsime anafungua kifuniko cha skana,
analaza picha kifudifudi juu ya kioo
kama mtoto anayepakwa dawa mgongoni.

Taa inatambaa. Inakoroma. Inarudi.
Kwenye kompyuta anachomoza farasi wa posta,
na shingoni ana doa.
Cheti cha fundi viatu, muhuri wa zambarau: doa,
mgeni asiyejua kuaga.
Bibi harusi asiye na jina, mwaka hamsini na tatu:
doa, shavuni.

“Mjinga mimi.” Anafuta kioo
kwa kitambaa cha miwani.
Chembe ya mkate tu, wa asubuhi.

Anaanza upya. Farasi safi. Cheti safi.
Bibi harusi anarudi mstari kwa mstari,
paji, nyusi, pua,
na doa lipo.

Anasugua. Anapuliza.
Anapandisha ubora hadi mashine inalalamika,
na taa inakwenda kwa mwendo wa konokono.
Doa linanenepa, linapata kivuli,
kisha unywele mmoja, umejikunja.

Hripsime anagusa shavu lake,
pale ambapo kila Jumamosi,
mlango ukiwa na komeo,
hupeleka kibano.