Damu Tamu

Waliniajiri kukoroga damu.
Sukari guru kilo mbili, unga wa mahindi, rangi ya keki,
na tone la kahawa ili isichekecheke mbele ya kamera.
Mimi, muuza uji wa mahindi ya zambarau,
mlango wa tatu ukitoka bandarini.
Wakasema: mama, mkono wako unajua uzito.
Unajua.

Callao, mwezi wa Agosti. Mbingu mfuniko wa sufuria.
Manyunyu hayanyeshi wala hayakatiki,
na kiwanda cha unga wa samaki kinatupumulia kisogoni.
Wageni walijifunga skafu puani.
Mwongozaji akasema harufu haionekani kwenye filamu,
akacheka, akaagiza moshi zaidi.

Halafu wakatupaka uchafu.
Sisi! Tulioamka alfajiri kuoga kwa ndoo ya zamu,
tukavaa za Pasaka kwa sababu tungeonekana.
Binti wa brashi akamsiliba mzee Fermín masizi shavuni.
"Mmependeza mno," akasema, "hamtaaminika."

Muuaji alikuwa kijana mpole wa mtaa wenye bustani.
Akauliza kwa adabu: bastola hushikwaje?
Wavulana kumi wakatazama viatu vyao.
Mmoja tu, mdogo, akaanza kunyoosha mkono amwelekeze.
Mama yake akaukamata, akaurudisha mfukoni
kama chenji.

Eduviges Chumpitaz walimkodi alie.
Soli thelathini na chakula cha mchana,
alie juu ya maiti, kwenye ngazi za Santa Rufina.
Hakuna aliyemuuliza kwa nini, akipanda,
huiruka ngazi ya tisa.

Yerson wake alikuwa na bajaji ya mkopo.
Kila jioni soli mbili kwa wenye mtaa, ushuru usio na risiti.
Alichelewa siku mbili.
Soli nne, basi. Nimezihesabu mara nyingi,
hazikatai kuwa nne.

"Moja, mbili, tatu, lia!"
Eduviges akapiga magoti.
Akamtazama yule marehemu wa kulipwa, nywele zake safi,
damu yangu ikimtiririka ubavuni,
na fulana iliyopanda ikaacha kiuno wazi.
Hakulia. Aliivuta fulana chini,
akaifunika ile ngozi iliyosisimka baridi,
akanong'ona: "Utashikwa na kifua, mwanangu."
Maiti akafumbua macho.

"Kata!"

Mara nne wakarudia, mara nne akamfunika.
Mwongozaji akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena.
Wakaleta mwanamke wa chuo cha maigizo.
Huyo alipiga yowe! Akajirusha, akajing'oa hereni,
hata sisi jirani tukampigia makofi,
Mungu atusamehe, tulimpigia makofi.
Eduviges akapewa nusu.

Usiku taa zao zilipozimwa ngazi zilikuwa nyeusi kuliko zamani.
Watoto walishalamba damu hadi ngazi ya saba,
waliobaki ni sisimizi, msafara mzima, wakipanda bila haraka.
Ile nyingine niliisugua mimi vilevile:
sabuni ya unga, majivu, brashi ya viatu, siku tatu.
Haikuwa na sisimizi. Ilikuwa na nzi,
na polisi mmoja aliyeirukia ili asichafue buti.

Eduviges akaja na soli zake kumi na tano, akaomba uji kikombe kimoja.
Akaitazama sufuria.
"Ndiyo hii hii?"
"Nimeiosha."
Akanywa. Akaniongezea mdalasini yeye mwenyewe,
mkono wake ukifika kopo bila kuangalia,
kama mtu wa nyumbani.

Kesho wanarudi. Wanataka mvua,
mvua ya kishindo, ya kuoshea dhambi za muuaji,
na huku kwetu mvua ya namna hiyo haijulikani.
Wamekodi lori la maji, limeegeshwa kwenye kona,
lita elfu kumi, na mlinzi amelala ndani.

Tumekwisha panga ndoo.