Mfuniko wa Wifi

Mwalimu kaandika kwenye daftari la Aikande
kwa wino mwekundu: Mahafali Ijumaa. Keki moja.
Hakuandika kwa jiko gani.

Basi Alhamisi, hapa Kiborloni, ng'ombe akishakamuliwa,
nikamwaga mchanga wa mto Rau kwenye sufuria la pilau,
nikapanga vijiwe vitatu, juu yake bati
lililopakwa siagi kwa kidole,
na juu ya yote, mfuniko.

Mfuniko si wangu.
Ni wa Ndeshi, dada wa mume wangu.
Niliuazima Krismasi ya mwaka juzi, kabla ya maneno.
Maneno yakaja, mfuniko ukabaki.
Tangu hapo tunapishana sokoni
kama wageni wawili msibani.

Na ni mzito, unabeba makaa bila kupinda.
Kila nilichookea nyumba hii
kimeumukia chini ya jina lake,
maana alilikwaruza ukingoni kwa msumari: NDESHI,
herufi ya mwisho imelala kwa kukosa nafasi.

Makaa ya chini kidogo, ya juu mengi.
Ndivyo nilivyofundishwa,
na aliyenifundisha ni yeye.

Aikande kakaa sakafuni na mkasi,
anaikatakata kalenda ya duka la mbolea.
Machi yote imekuwa waridi,
Aprili mnyororo wa kuning'iniza darasani,
gundi ya unga wa ngano imemkaukia viwikoni.
"Mama," anasema, "usichore mlima.
Kila mwaka keki ni mlima,
sukari nyeupe juu, kahawia chini,
na dirishani tunauona bure."

Sina pua ya chuma ya kuchorea;
nimekata kona ya pakiti ya maziwa.
Wekundu nimeutoa kwenye choya.
Kijani ni mchicha, nimeuponda, nimeuchuja kwa leso;
haunuki mchicha, ukiamua kuamini.

"Nichore nini, basi?"
Akanyoosha mkasi nje, kwenye masale,
yale yaliyosimama mpakani
kati ya migomba yetu na ya shangazi yake.
Hapo ndipo maneno yalipozaliwa:
hatua mbili za udongo,
hazitoshi hata kulaza mbuzi.

Mkono ukanitetemeka.
Jani la kwanza likatoka nene kama ulimi.
La pili likakaa.
La tatu sikulipanga, lilijikunja lenyewe,
likapiga fundo.

Nikaliangalia.
Huku kwetu mtu akija na sale lenye fundo
humfungii mlango,
hata kama umelala na hasira kitanda kimoja.

Aikande hakuuliza.
Alilamba pakiti, akarudi kwenye Mei yake.

Keki ile ililiwa Ijumaa kwa dakika nne.
Mwalimu alisifu maua.
Mtoto mmoja aliuliza
kwa nini Machi inanukia chapati.

Lakini unga ulikuwa umebaki, kikombe na nusu.
Nikaoka ya pili, ndogo, haina umbo la kusimulia,
nikaichorea jani moja tu,
nikaifunika kwa mfuniko ungali wa moto,
nikapita upande katikati ya masale
nisivunje hata moja.

Ndeshi alikuwa anamenya ndizi.
Hakuniangalia mimi, aliuangalia mfuniko.
Akaupokea, akafuta masizi kwa kidole gumba
mpaka jina likatokea,
na ile herufi iliyolala.

Halafu akaliona jani.
Kisu kikakaa kimya juu ya ndizi.

Akamega upande usio na jani.
Akatafuna muda mrefu kuliko keki inavyohitaji.

"Makaa ya juu," akasema, "uliyazidisha."

Nikavuta kigoda, nikaokota ndizi.
"Nionyeshe tena," nikamwambia.