Rangi ya Juzi

Hapa Suri, saa sita, boti imekalia magogo,
tumbo nje kama mgonjwa kwa tabibu.
Humaidi anamimina kahawa: "Chini ni safi, dada,
rangi ya juzi."

Ndiyo, rangi naiona.
Nalala chali juu ya katoni, tochi mdomoni.
Rafadha nzima. Zinki imeliwa,
imebaki kama kokwa ya tende;
ndiyo kazi yake, iliwe yeye, isiliwe shafti.

Nagonga kwa mpini wa nyundo:
ko, ko, ko,
sauti ya nazi iliyokomaa.
Ko, ko.
Karibu na usukani: bu.

Nagonga tena. Bu.
Humaidi kanyamaza, kikombe hewani.

Natoka, najikung'uta maganda ya chaza mgongoni.
Kahawa yake nainywa yote.
Bei hatukuitaja.