Nembo ya Kambare

Bwana kutoka mkoani alitaka simba.
Alikuja na mchoro umekunjwa mara nne:
simba, ngao, mikuki miwili imepishana,
na maneno marefu kuliko uzi wangu.

Sajini Lesilwa akautazama, akaukunja tena.
"Simba wa Bahi," akasema, "namjua mmoja tu,
yuko kwenye kanga ya mke wa karani wa stesheni,
naye kapauka."

Wakacheka wale wa akiba: wakulima wa uwele,
wagonga kokoto za reli, wachunga mbuzi, mwalimu mmoja.
Jeshi la Jumamosi. Bunduki sita za kweli,
thelathini na tano za kuchonga.

Ndahani ndiye aliyetaja kambare,
na hakutania. Alisema:
mbuga ikikauka, ndege wakahama,
udongo ukapasuka hadi mguu wa ndama ukazama,
nani anabaki? Chimba dhiraa moja.
Yumo. Kajikunja topeni, kanyamaza,
anasubiri aitwe.
Akiba ni nini kama si huyo?

Basi nikashona.
Nilikuwa na cherehani ya miguu na mimba ya miezi sita.
Uwanja: kaki, masalio ya kaptula za shule.
Chini, mistari mitatu iliyokatika, ndiyo ardhi yenye nyufa.
Katikati, kambare, sharubu nne;
wa kweli ana nane, lakini uzi ni uzi.
Jicho la njano.
Juu yake jembe. Bunduki Lesilwa aliikataa,
alisema bunduki ya serikali, jembe letu.
Na neno moja, herufi nne, lile wanaloitikia
majina yakisomwa alfajiri: TUPO.

Njano iliniishia kwenye nembo ya thelathini na nane.
Tatu za mwisho zina jicho jeupe.
Moja nilimpa Ndahani, nikamwambia
wako kaamka kuliko wenzake.

Vita vilipoita, treni ilisimama dakika kumi na moja.
Nilihesabu mabega. Nyuso sikuzithubutu.

Walichofanya huko Kagera sikukiona.
Walibeba, wanasema: magunia, maji, majeruhi.
Historia ya kikosi iko kwenye daftari la hesabu,
kurasa tisa,
tano kati ya hizo ni orodha ya mablanketi.

Kisha ikanijia bahasha.
Ndani nembo moja, imefuliwa,
imepigwa pasi na mtu mwenye adabu.
Jicho la njano.
Nikashukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru,
ndipo nikaigeuza,
nikaona kwa nyuma fundo lililokwenda upande,
la siku ile mwanangu alipopiga teke tumboni
na mguu wangu ukateleza kwenye kanyagio.
Fundo hilo nililifunga mara moja tu maishani.
Ilikuwa ya Masinjila, mtoto wa dada yangu.

Ndahani alirudi. Ana duka la chumvi na betri.
Hatujawahi kulizungumza jicho jeupe.

Juzi vijana wa mgambo wameniletea nembo mpya,
zimetoka Dodoma mjini, kwenye mashine ya kompyuta,
mia mbili kwa siku moja.
Zinang'aa. Sharubu nane, kamili.
Nyuma hakuna fundo hata moja,
ni karatasi nyeupe, laini kama kucha.
Nikaishikiza moja begani kwa kijana mmoja,
nikamwambia, tembea hadi mlangoni.
Akatembea.
Kambare akaenda kinyumenyume.

"Nembo ya begani," nikamwambia,
"hutazama anakokwenda mwenyewe.
Huyu wako anakimbia."

Akaangalia bega lake, akaangalia boksi.
"Bibi, ziko mia mbili."

Vua shati, nikamwambia. Niletee kiwembe.