Debe la Maziwa

Baba Mkubwa Gudleik alipandisha samaki mlimani
kwa mgongo wake,
ndani ya debe la maziwa, kifuniko kimetobolewa kwa msumari.
Vifaranga wa trauti mia mbili kila safari,
hakuna aliyezidi njiti ya kiberiti.
Kila kijito alipokivuka alichutama, akabadilisha maji,
akawaambia, "Vuteni pumzi, bado kidogo."
Miaka thelathini na mmoja. Kila Juni,
theluji ingali imejificha vivulini.
Debe moja: asubuhi maziwa ya ng'ombe,
jioni maziwa ya mlimani.

Kutoa ni moyo, husema watu.
Hawasemi kutoa hadi lini.

Mimi ndiye niliyerudi kutoka chuoni
na nyavu nane, kila mmoja na matundu yake.
Tulizitega usiku mmoja wa Agosti,
alfajiri tukahesabu mia nne na kumi na saba.
Akacheka: "Unaona, Aslaug? Tele!"
Nikamlaza mmoja juu ya ubao.
Sentimita ishirini na mbili, gramu sabini,
kichwa cha mtu mzima, kiwiliwili cha mgonjwa,
nyama nyeupe kama daftari lisiloandikwa,
tumboni mbu wawili na chembe ya changarawe.

Nikapasua fuvu, nikatoa kijiwe cha sikio,
kidogo kuliko punje ya ulezi,
nikampa lenzi ahesabu mwenyewe
pete moja kwa kila majira ya baridi.
Alifika tisa. Akarudia. Tisa.
"Miaka tisa," alisema, "na kimo hiki?"
Sikumjibu.
Upepo ulikuwa unakunja maji, unayakunjua.

Tulikutana ukumbi wa shule, kahawa ikapoa vikombeni.
Torgrim mwenye vibanda vya watalii alitaka vifaranga elfu,
mgeni asiondoke bila picha.
Bibi Ragnfrid akasema sheria ni sheria:
chini ya sentimita thelathini hurudishwa majini,
ndivyo tulivyolelewa, ndivyo tutakavyozikwa.
Nikasimama, magoti yakinicheza.
Nikasema, igeuzeni.
Msipandishe hata kifaranga mmoja.
Mdogo aliwe. Aliyevuka arobaini arudi.
Mtu wa nyuma akaguna,
"Sasa hata sheria inaanza kuliwa mkiani."

Kura tisa kwa nane.
Ya tisa ilikuwa ya Gudleik. Aliunyanyua mkono taratibu,
kama anayechomoa ndoana kidoleni mwake.

Kiangazi cha kwanza tulitoa kilo mia sita.
Tulikaanga, tulitia chumvi mapipani,
kuku wa Ragnfrid wakataga mayai yenye harufu ya ziwa.
Yeye alivua kila jioni, kimya, mtu aliyezoea kupiga mluzi.
Mara moja nilimsikia nyuma ya kibanda, kisu mkononi,
akimwambia wa kiganja kimoja:
"Mzee wako nilimbeba mimi."
Kisha maji ya ndoo yakamwagika, na sikusikia tena.

Mwaka wa tano, mwishoni mwa Julai,
ufito wake ulipinda hadi ukagusa maji.
Nilishika wavu, yeye akashika matusi.
Tulipomtoa nikadhani ni samaki wa ziwa jingine:
mgongo mpana, madoa mekundu yamezungukwa na weupe,
mafuta hadi shingoni.
Baba Mkubwa alilowesha viganja, akamlaza kwenye rula,
akanitazama kama mtoto mbele ya duka lililofungwa.
"Arobaini na tatu," nikasema.
"Kusoma najua."

Akachutama. Miaka sabini na tisa, magoti yakalia kama kuni.
Akamshikilia chini ya maji, bila kubana,
akisubiri matamvua yafunguke.
"Vuta pumzi," akamwambia.
Mkia ukampiga kifuani, akalowa hadi kwenye ndevu,
akabaki pale pale,
mikono yake bado imefumbata umbo la samaki.

Usiku ule tulikula viazi.
Alivitoa kwenye debe.