Kikulacho

Mwaka ule tumbaku ilikubali, Sikonge.
Mabani yalitoa moshi usiku kucha
na baba alijikuna usiku kucha:
kwa kucha kwanza, kisha kwa kitana,
mwisho kwa gunzi la mahindi,
krr, krr, kama panya ndani ya gunia la karanga.
Nililala chumba cha pili. Nilihesabu.

Mama aliiamini methali: kikulacho ki nguoni mwako.
Akachemsha mashuka, akabadilisha sabuni,
akalichoma godoro nyuma ya choo.
Shangazi Nyamizi akaleta mwarobaini,
akamwogesha kaka yake kama mtoto.
Duka la dawa likatuuzia mafuta ya upele.
Upele gani?
Ngozi ilikuwa safi, ila mistari
aliyoichora mwenyewe.
Kisha ikasemwa kwamba kuna kitu
kimefukiwa mlangoni mwa bani.
Kuku mweusi akaenda na hilo.
Muwasho ukabaki.

Siku ya soko la tumbaku,
mteuzi, Bwana Lusajo, mtu wa kusoma rangi,
anayejua manjano ya limau na manjano ya chungwa
na bei ya kila moja,
alishika jani letu, akainua macho kumjibu baba,
akanyamaza.
"Kashindye, jani lako ni daraja la kwanza.
Lakini macho yako yameiva kuliko jani.
Nenda Kitete. Usisubiri malipo."

Daktari alikuwa binti mdogo, Nsiima,
kalamu imechomekwa kwenye nywele.
Hakuanza na ngozi. Alianza na mkojo.
Baba alinitazama mimi, akatazama sakafu:
"Kama chai ya rangi iliyolala."
"Na choo?"
"Cheupe. Kama udongo wa kupakia nyumba."
"Unawashwa zaidi viganjani na nyayoni. Usiku."
Baba alimwangalia
kama mtu aliyewahi kulala kwetu.

Picha ya tumbo ikaonyesha jiwe
limekaa kwenye mfereji wa nyongo
kama ng'ombe katikati ya daraja.
Nyongo imekosa njia, imerudi damuni,
damu inaizungusha hadi chini ya ngozi.
"Ngozi yako haina kosa, mzee," alisema Nsiima,
"inapiga kelele kwa niaba ya mwingine."

Kwenye benchi hakuwa peke yake.
Mama mmoja wa Ipuli, figo zimechoka,
alijikuna mgongo kwa pembe ya kadi yake ya kliniki
akisubiri zamu ya mashine ya kusafisha damu.
Msichana wa Igalula, mweupe ndani ya kope,
mfukoni ana udongo wa kula,
alipewa vidonge vya madini ya chuma
na swali kuhusu hedhi lililomfanya acheke.
Na kijana mrefu, tezi zimevimba shingoni,
anatokwa jasho usiku hadi shuka linakamuliwa.
Yeye cheti chake alikikunja mara nne.

Baba akapewa unga wa kukoroga majini,
anywe mbali na dawa nyingine,
maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu tu, shati la pamba, kucha fupi.
Mama alizikata kwa wembe, kimya,
akiweka kila kipande kwenye kiganja chake,
bado anamwogopa aliyefukia.
Jumanne wakampasua, wakalitoa jiwe.
Macho hayakuwa meupe siku ile wala ya pili.
Yalififia taratibu,
na usiku wa tisa nilisubiri krr,
nikasikia mkoromo.

Jiwe tulipewa kwenye kichupa.
Baba alilipeleka hadi mezani kwa Lusajo.
"Hili nalo, daraja la ngapi?"
Lusajo aliligeuza kwenye mwanga,
akaomba aruhusiwe kutojibu.

Gunzi mama aliliwashia moto wa uji.
Methali anaisema bado, ila anaikatiza:
kikulacho, anasema,
halafu anakushika taya, anakugeuzia dirishani,
anakuvuta kope la chini.

Yule wa shingo sikumwona tena.
Tulikaa benchi moja saa nne.
Sikumuuliza jina.